Seva Iliyokwama na Mzee wa Masjala

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa kilicho wazi na kilichositirika, aliyenipa umri wa kuziona nywele zangu zikigeuka na bado akaniachia macho ya kusomea na vidole vya kuandikia. Rehema na amani zimshukie Mtume wake mpole, jamaa zake, masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema. Baada ya hayo, nataka kueleza mwaka mmoja wa ujana wangu, nami namwomba Mola anisaidie niseme kweli tupu, kwani nimekaa na jambo hili muda mrefu kuliko inavyompasa mtu anayeswali.

Habari ya kifo cha Mzee Ndahani ilinifika Jumanne asubuhi, nikiwa kibarazani nachambua mchele. Mpwa wangu, anayefanya kazi katika wizara moja kule Mtumba, alikuwa anafunga viatu ili awahi kazini. Simu yangu ikalia, akanisomea ujumbe kwa kuwa miwani niliiacha ndani: mzee amefariki nyumbani kwake, upande wa Mvumi, maziko ni kesho. "Ni nani huyu, shangazi?" Nikamwambia ni mtu niliyefanya naye kazi mwaka mmoja. "Mwaka mmoja tu?" akasema, akachukua kompyuta yake, nyembamba kama sinia, akaenda zake. Mimi nikabaki na ungo wangu. Nilitamka yale tunayofundishwa kuyatamka msiba unapofika, kisha nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele, kwa sababu mchele ulikuwa lazima uive, na kwa sababu mikono ikiwa na kazi moyo hukumbuka kwa utaratibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipoajiriwa katika ofisi ya mradi wa maji ya vijijini, hapa hapa Dodoma. Sitaitaja kwa jina, haipo tena. Ilikuwa nyumba moja ndefu ya bati yenye vyumba kama behewa la treni, kila mlango ukitazama ua wa mchanga mwekundu. Miaka ile ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Madukani vitu vilikuwa vimejaa, watu wakinunua sabuni bila foleni na wakishangaa kwa nini hawana cha kununulia, na katika kila ofisi neno lililozungumzwa kwa sauti ya chini lilikuwa ridandansi, yaani kupunguzwa kazini. Mimi nilikuwa nimesoma kompyuta Dar es Salaam miezi tisa na kupata cheti, na cheti hicho ndicho kilichonipa chumba cha peke yangu, chenye kiyoyozi kilichovuja na meza mbili. Chumba cha jirani kilikuwa masjala, mahali yalipotunzwa majalada ya visima vyote vya nyanda hizi, kijiji kwa kijiji. Mwenye masjala alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo mrefu mkimya, muumini wa kanisa lake, wakati huo akiwa na miaka hamsini na kitu.

Masjala kilikuwa chumba kisafi kuliko vyote. Kilinukia gundi na karatasi kuukuu, na upepo wa Dodoma, ambao miezi ya kiangazi huingiza vumbi hata ndani ya saa ya mkononi, pale ulizuiwa kwa vitambaa vilivyokunjwa chini ya madirisha. Kwa usafi huo nikaomba niwe naswalia humo adhuhuri.  Kesho yake nikakuta Mzee Ndahani amesogeza kabati la majalada ya Kondoa hatua mbili, ili nielekee kaskazini bila kitu mbele yangu. "Niliuliza watu wa sokoni," alisema, "wakanionyesha mnakoelekea." Toka hapo, ikifika saa saba, yeye alitoka kusimama kibarazani mpaka nimalize, na mtu akija na jalada alimwambia, "Subiri, ofisi imefungwa kidogo." Baadaye tulikula. Mkewe alimpa ugali wa uwele na mlenda katika bakuli lenye mfuniko. Mimi nilileta chapati, au viazi vitamu. Tulibadilishana bila kusemeshana sana.

Mashine ilikuja kwa lori. Ilikuwa seva ya zamani, iliyotolewa na shirika moja la nje lililokuwa linafunga ofisi zake, kubwa kama friji ya mafuta ya taa na nzito hata ikabebwa na watu wanne. Ilisemekana itahifadhi majina ya visima vyote na hali ya kila pampu. Kabla haijawashwa, mtunza stoo, ambaye sote tulimwita Mama Stoo, aliamuru ifunguliwe. Alikuja na kopo la rangi nyeupe na brashi ndogo, akaandika namba ya mali ya ofisi ubavuni, kisha akaandika namba nyingine kwenye kila kadi, vile vibao vya saketi vilivyochomekwa ndani, moja moja, amekaza midomo kama anayepaka wanja. "Stoo yangu haina kitu kisicho na namba," alisema. "Hata mimi mwenyewe, nikikaa sana, nitajiandika."

Fundi aliletwa kutoka Dar, kijana aliyeitwa Gerald, mwenye miwani ya jua na haraka nyingi. Alifuta mfumo wa zamani uliokuwa kwenye diski, wote, akaingiza CD yenye mfumo mpya na kuwasha. Programu ya kusakinisha ilianza vizuri. Ilikuwa inavitafuta vifaa vilivyomo ndani ya mashine na kuviandika kwenye kioo, mstari kwa mstari. Ilipofika mstari wa kadi ya diski, ile inayounganisha diski na mashine, ikaganda. Alama ndogo iliyokuwa ikiwakawaka ikasimama. Kibodi haikuitika. Akazima, akawasha, ikaganda pale pale. Alihangaika siku mbili, siku ya tatu akaenda kupanda basi. "Dada, hii hardware imechoka," aliniambia akifunga begi. "Mwambie bosi anunue mpya, asikusumbue." Akaniachia CD, kijitabu chake, na mashine iliyokuwa tupu, isiyoweza kurudi ilikotoka wala kwenda ilikotakiwa.

Wiki hiyo hiyo ikaja kamati ya kupunguza wafanyakazi. Ukuta kati ya masjala na chumba cha Mkuu, Bwana Kimaro, ulikuwa wa ubao mwembamba tu. Mtu akikohoa kule, huku unamwambia pole. Mimi na Mzee Ndahani tulikuwa tunakula. Tukasikia sauti ya mgeni, nzito, ya mtu aliyeshiba. "Bwana Kimaro, hapa una masjala, halafu una kompyuta. Vyote viwili vya nini? Kimoja kinatosha." Bwana Kimaro akasema kitu hatukukisikia. "Sikiliza," mgeni akaendelea. "Tunarudi Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu. Tukikuta mashine inafanya kazi, masjala unaifunga, yule mzee anakwenda kupumzika. Tukikuta haifanyi kazi, mashine inarudi Dar, na yule binti sina pa kumweka." Kiti kikaburuzwa. "Mmoja wao, bwana. Usinilaumu, mimi nimetumwa."

Nilikuwa na tonge mkononi. Nakumbuka nililitazama kana kwamba ni la mtu mwingine. Mzee Ndahani alisogeza bakuli la mlenda upande wangu. "Kula, binti yangu," alisema. "Unapoa."

Nimejiuliza mara nyingi, katika miaka hii ya uzee ambapo usingizi ni mwepesi, kama siku ile au siku zilizofuata niliwahi kufikiri kuiacha mashine ile ikwame. Jibu ni kwamba sikufikiri. Wazo hilo halikunijia hata kwa kupita. Nilijua vizuri maana ya maneno ya mgeni, lakini niliyajua upande wangu tu: nisipoiamsha mashine, nimekwisha. Kijana huwa na njaa, na njaa haina dirisha la kutazamia nje. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu nimeahidi kusema kweli.

Basi nikaanza. Kila asubuhi nilifika, nikawasha, nikatazama mistari ikishuka, na kila asubuhi ikaganda baada ya mstari wa kadi ya diski. Kwa hiyo nilishughulika na diski. Nilibadilisha waya wake. Nilisafisha meno ya kadi kwa kifutio cha penseli na spiriti niliyoomba zahanati. Nilimwandikia rafiki yangu wa chuoni, akanitumia kwa basi kadi nyingine ya diski aliyoiazima kazini kwake, nikaichomeka, ikaganda. Nilidhani ni joto, nikaelekeza kiyoyozi. Nilidhani ni vumbi, nikaifunika kwa kanga na kuifunua. Nilidhani ni umeme wetu, nikasubiri saa ambazo watu wachache wanapika. Mama Stoo alipita mlangoni kila siku saa nne na kikombe cha chai. "Eti binti, friji yako imegandisha nini leo? Utuuzie barafu?" Nilicheka siku za mwanzo.

Sasa ni lazima nieleze desturi ya ofisi ile, maana kosa langu lilizaliwa ndani yake. Kila jalada lilipotoka masjala kwenda kwa mtu, mtu huyo alisaini katika daftari la mienendo ya majalada. Akilipeleka kwa mwingine, na huyo mwingine alisaini. Jalada likipotea hapakuwa na mjadala. Daftari lilifunguliwa, likatazamwa jina la mwisho, na mwenye jina hilo akaandikiwa barua ya kujieleza. Aliyesaini mwisho ndiye mwenye kosa. Tulikuwa tumelelewa hivyo wote, tangu wahudumu mpaka Mkuu, na hata Gerald, aliyefanya kazi ofisi za serikali kule Dar, alilelewa hivyo hivyo. Kwa hiyo kioo kilipokoma kwenye kadi ya diski, hakuna aliyeuliza chochote. Kadi ya diski ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kadi ya diski ikakamatwa. Wiki tatu nzima niliishtaki kadi isiyo na hatia.

Ilikuwa Alhamisi, zimebaki siku nne kamati irudi. Nilikuwa nimeswali, nimeketi kwenye mkeka sijainuka, na bila kukusudia nikaanza kulia. Mzee Ndahani aliingia, akaniona, akageuka kupanga kitu kilichokuwa kimeshapangwa. Akasema, akiwa amenipa mgongo, "Hebu nionyeshe hicho kioo."

Tukaenda. Hakuwahi kuingia chumbani kwangu kabla ya siku ile. Alivua kofia yake ya pama mlangoni. Niliwasha mashine, tukatazama mistari ikishuka, ikaganda. Alisogeza uso karibu kabisa, akasoma kwa kidole, maana Kiingereza alikijua vizuri cha maandishi. "Hapa mwishoni mwa kila mstari kuna neno," alisema. "Maana yake nini?"

"Maana yake kifaa kimeonekana, mzee."

"Na huyu wa mwisho analo?"

Nilitazama. Nilikuwa nimeutazama mstari ule labda mara mia mbili. "Analo," nikasema.

"Basi huyu mmemwonea." Alinyoosha mgongo. "Kwenye daftari langu mtu anasaini baada ya kupokea. Daftari likikoma kwa jina langu, maana yake mimi nipo, nimeonekana, nimeitikia. Mnakosea kunikamata, na miaka yote naona wanakamata hivyo, nanyamaza kwa sababu sijaulizwa. Aliyepotea ni yule aliyeitwa baada yangu akaingia chumbani asisaini. Nani alikuwa anafuata kwenye foleni?"

Sikujua. Lakini kijitabu cha Gerald kilijua. Katika kurasa za mwisho, zile ambazo fundi mwenye haraka hazisomi, palikuwa na orodha ya mpangilio ambao programu huuliza vifaa, na baada ya kadi za diski zilifuata kadi za kuunganishia vioo vingi. Nikafungua ubavu wa mashine. Kadi ndefu kuliko zote ilikuwa hiyo, yenye matundu manane nyuma, iliyochomekwa na wenye mashine zamani ili watu wanane waitumie kwa pamoja kila mtu na kioo chake. Kwetu haikuwa na kazi hata moja. Mfumo mpya ulikuwa unaiita, nayo, kwa uzee wake, haikujua salamu ile. Na programu ikabaki imesimama mlangoni ikingojea kuitikiwa.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye bisibisi Mama Stoo alipotokea. Sijui nani alimwambia. "Thubutu!" alisema. "Hiyo ina namba. Nimeiandika kwa mkono huu. Wakaguzi wakija, wakahesabu, wakakuta pengo, nani atakwenda jela ya Isanga? Wewe au mimi?"

"Naitoa kidogo tu, mama, nijaribu."

"Kidogo ndiyo nini? Bila saini ya Mkuu hakitoki kitu. Na Mkuu yuko Dar, anakuja Jumatatu na hao hao wageni. Msubiri."

Machozi yalikuwa karibu tena. Mzee Ndahani alitoka. Akarudi na jalada jipya, la rangi ya kaki, ameshalitoboa na kulifunga kamba, na juu yake kwa ule mwandiko wake uliosimama wima ameandika namba na kichwa: KADI YA MATUNDU MANANE, UTUNZAJI WA MUDA. "Mama," alisema, "kitu hakitoki ofisini. Kinahama chumba. Kinatoka kwa binti kinakuja masjala, nami nakisainia. Sheria ya stoo inasema kisitoke getini."

Mama Stoo alilipokea jalada, akalisoma mbele na nyuma. "Na kikipotea?"

"Kikipotea, aliyesaini mwisho ni mimi."

"Si umesema sasa hivi aliyesaini mwisho hana kosa? Nimekusikia tangu nje!"

"Hilo nimemwambia huyu mtoto. Wewe usilisikie."

Mama Stoo alicheka mpaka akashika mlango. "Mzee, ungesoma sheria wewe, tungekoma!" akasema, na akatusogezea taa ili nione vizuri. Kadi ikatoka, ikafungwa kwa gazeti, ikaingia kwenye jalada lake, na jalada likaenda rafuni kati ya visima vya Hombolo na visima vya Mpwapwa.

Nikawasha. Mistari ikashuka. Kadi ya diski ikasaini. Kisha ukaja mstari mwingine, ambao macho yangu hayakuwahi kuuona, na mwingine, na mwingine, na programu ikauliza kwa upole kama niko tayari kuendelea. Nilisema Alhamdulillahi kwa sauti iliyotoka nje ya chumba. Mzee Ndahani alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Alitazama mstari mmoja baada ya mwingine ukipita kama mtu anayehesabu mbuzi wakiingia zizini. "Kumbe ndivyo," alisema. Kisha, "Basi." Akavaa kofia, akarudi chumbani kwake, na baada ya muda mfupi nikasikia kupitia ukutani mhuri wake ukigonga karatasi, kama kila alasiri.

Hapo ndipo wazo liliponijia. CD ilikuwa inazunguka na kulia kama mbu, asilimia zikipanda polepole, na mimi nimeketi mbele yake nikijua, kwa mara ya kwanza, upande wa pili wa maneno ya mgeni. Nikaenda masjala. "Mzee," nikasema, "ulisikia yule mgeni alivyosema."

"Nilisikia. Si tulikuwa tunakula pamoja?"

"Sasa kwa nini?"

Alimaliza kugonga mhuri barua iliyokuwa mbele yake. "Kazi yangu ni kutafuta kilichopotea," alisema. "Umekuja umepotelewa. Ningekuuliza kwanza wewe ni mtoto wa nani?" Halafu akaniambia nikaangalie mashine, isije ikahitaji kitu.

Jumatatu kamati ilikuja. Mashine ilikuwa imeamka, kioo kinaonyesha orodha ya visima vya wilaya mbili nilivyoingiza Ijumaa na Jumamosi. Watu sita waliketi chumbani kwa Bwana Kimaro, na mimi niliitwa. Mzee Ndahani naye alikuwemo, amesimama ukutani na majalada mikononi, kwa sababu wageni walitaka kulinganisha karatasi na kioo. "Huyu ndiye binti yetu Zaituni," alisema Bwana Kimaro. "Mtaalamu wa Dar kashindwa, yeye kaweza." Mgeni wa sauti nzito akanigeukia. "Hongera sana. Tatizo uliligunduaje?"

Nilitazama meza. Palikuwa na sahani ya karanga na chupa mbili za soda. "Nilijaribu kimoja kimoja," nikasema.

Halikuwa neno la uongo. Nilikuwa nimejaribu kimoja kimoja, wiki tatu. Lakini kuna kweli inayosemwa ili kweli nyingine isisemwe, na niliijua tofauti hiyo tangu nikiwa mtoto chuo cha Kurani, nikifundishwa kuwa ushahidi ni amana. Wakapiga makofi kidogo. Mzee Ndahani alimpa mgeni jalada lililoombwa, akasubiri lirudishwe.

Barua zilitoka mwezi uliofuata. Bwana Kimaro alinipa rasimu nizichape, kwa kuwa sasa tulikuwa na mashine. Zilikuwa nne, na ya tatu ilikuwa ya Mzee Ndahani. Niliichapa. Nilisoma mara mbili kuhakikisha haina kosa, jambo ambalo hata leo sijui nililifanya kwa heshima au kwa kukosa cha kufanya. Na kwa kuwa hakuna barua iliyotoka ofisini bila kupitia masjala, nilizichukua zote nne mimi mwenyewe nikampelekea. Aliziandika daftarini kwa zamu. Alipofika ya tatu aliisoma yote, hadi saini ya chini. Akaandika namba yake, tarehe, na mada: kupunguzwa kazini. Akasaini safu ya aliyetoa. Akasogeza kalamu upande wa kulia, akasaini safu ya aliyepokea. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akaendelea na ya nne.

Alikuwa na siku thelathini. Alizitumia zote kunikabidhi masjala, jalada kwa jalada, nami nikiingiza kwenye mashine. Karatasi ziliandika kina cha kisima na aina ya pampu. Yeye aliongeza ambayo hayakuandikwa. Hiki maji yake yana chumvi, wanaoshea tu. Hiki wanawake walikichimba wenyewe kabla ya mradi, usiandike kuwa ni chetu. Hiki njia yake haipitiki masika, ukimtuma fundi Machi unamwua. Siku ya mwisho tulikula kama kawaida. Alisubiri kibarazani nikaswali. Saa tisa na nusu akaaga kila chumba, cha mwisho stoo.

Kazi ile ilinilisha hadi nikastaafu, ingawa ofisi zilibadilika majina. Ilinisomesha zaidi, ikanijengea nyumba hii ninayoandikia, ikanifikisha Makka nikaiona kwa macho ile nyumba niliyokuwa nikiielekea kutoka masjala. Nashukuru kwa kila tone. Mara tatu nilikwenda kumsalimia Mzee Ndahani na sukari na majani ya chai. Alikuwa analima mtama, baadaye akapanda zabibu kidogo. Alinionyesha mizabibu yake mmoja mmoja, na alikuwa na furaha kwa kadiri nilivyoweza kuona. Kila safari nilikwenda na nia ya kusema, na kila safari nilirudi nayo. Tena nilijidanganya. Yeye hakuhitaji kuambiwa, alikuwepo. Waliopaswa kuambiwa ni wale wengine, na wale wengine walikuwa wanastaafu na kufa mmoja mmoja.

Jumatano nilikwenda maziko. Mpwa wangu alinipeleka kwa gari kabla ya kwenda kazini. "Mbukwenyi," nilisalimia, wakaitikia, wakanipa kiti cha plastiki upande wa akina mama. Mjane, ambaye sasa ni kipofu, alinishika mikono na kuuliza mimi ni nani. Nikamwambia nilikula ugali wake wa uwele mwaka mzima. Akanishika kwa nguvu zaidi. Baada ya ibada, mwenyekiti wa kitongoji aliyeongoza ratiba akauliza kama kuna mtu wa kazini kwa marehemu. Hapakuwa na mwingine. Nikasimama.

Nilisema yote, kama nilivyoyaandika hapa ila kwa ufupi. Kwamba ilikuwepo mashine ya visima iliyokwama. Kwamba fundi wa Dar alishindwa, na mimi nikashindwa. Kwamba aliyeona kosa ni Mzee Ndahani, akijua kuwa ikipona yeye atatoka kazini, na kwamba nilipoulizwa mbele ya watu tatizo liligunduliwaje, sikumtaja, nikachukua sifa na mshahara.  Watu walinisikiliza kwa adabu. Mzee mmoja wa mbele akamwuliza mwenzake, "Anasema kisima kipi?" Mwenzake akasema, "Nadhani kile cha shuleni." Mwenyekiti akatazama saa. "Ahsante sana, mama yetu, kwa salamu za ofisi. Tunabanwa na muda, jua linapanda. Familia ya upande wa mama, kama wapo?" Nikakaa. Mwanamke wa jirani akanipa maji ya kunywa.

Nilikuwa nimengoja karibu miaka thelathini, na nilipotoa amana hapakuwa na wa kuipokea. Sikukasirika. Nililiona kuwa ni haki. Mwenye ushahidi akichelewa, mahakama huwa imeshafungwa. Tukaenda kaburini, wakamzika kwa nyimbo zao nzuri, nami nikainua mikono kimya pembeni nikamwombea kwa Yule anayejua nani alifanya nini bila kuhitaji shahidi. Kisha nikarudi mjini, na usiku haujaingia nikakaa kuandika.

Kwa hiyo ni wewe. Wewe uliyesoma hadi hapa ndiye uliyeipokea amana hiyo, na sasa unajua ni nani aliyeiamsha ile mashine. Mwenyezi Mungu akubariki kwa subira yako, akupe riziki isiyotoka kwenye kinywa cha mwingine, na mtu wa kukusogezea kabati unapotaka kuswali. Akufungulie ulimi mapema, wakati wanaopaswa kukusikia bado wameketi mbele yako. Amina.